Mkwaju wa Ülo

Saa tisa usiku, Võru, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
simu ya kituo cha joto inalia kama mtoto aliyefinywa.
Mtaa wa Vilja, jengo la nne, mabomba yamepoa.
Bibi mmoja anasema kalala na koti,
na paka kaingia ndani ya koti.

Nafungua faili la mipangilio.
Mistari mia mbili na ushei,
nusu yake amri, nusu yake maneno ya Ülo Kangro
aliyelilea faili hili majira kumi na moja ya baridi.
Kila neno lake linatanguliwa na alama ya reli,
na mashine ikiiona reli hupitiliza, haisimami kituo.
Maneno hayo ni yetu sisi wenye damu:

# Valvu ya tatu ina kiburi, ipe dakika.
# Hapa nilikosea. Msinicheke.

Nacheka kidogo, vidole vimekufa ganzi.
Kisha naufikia huu:

# Usiguse kikomo kabla hujanipigia \
kikomo_cha_chini = 58

Nasoma mara tatu.
Hamsini na nane ipo, naiona kwa macho yangu haya,
lakini pampu inaapa haijaambiwa kitu,
imejiamulia thelathini.

Ni ule mkwaju.
Mkwaju wa kinyume, umeegemea nyuma pale mwishoni
kama mtu aliyekatizwa akisimulia.
Hauzai ukwaju, ila uchachu unao:
humwambia msomaji wa chuma, "Sijamaliza, shuka nami,"
naye hushuka, mtiifu, akidhani bado ni porojo za Ülo,
akaifunga hamsini na nane humo humo ndani ya porojo
akapita nayo.

Mbona miaka yote haikutokea?
Nafukua kumbukumbu za mabadiliko. Alhamisi. Marten,
kijana wetu nadhifu, apangaye hata vijiko vya kahawa kwa urefu,
amefuta mistari mitupu, thelathini na mmoja.
Sababu, ameandika: usafi.

Kumbe palikuwa na mstari mtupu.
Chini ya mkwaju, juu ya hamsini na nane,
mstari usio na hata herufi,
ukiupokea ulimi wa Ülo kila usiku,
ukisema: mwendelezo ni mimi, basi, ishia hapa.
Sisi tuliona pengo.
Mji mzima ulikuwa unaota moto wa pengo hilo.

Naurudisha. Pigo moja la kidole.
Pampu inashusha pumzi,
na huko Vilja mabomba yanaanza kugongana meno.

Asubuhi napiga ile namba, kwa sababu faili lilisema nipige.
Anapokea Helju, mjane wake.
Namsomea mstari. Ananyamaza, kisha:
"Alikuwa hivyo hata mezani. Husema, *Helju, kesho tu*...
halafu akaondoka kutazama jiko.
Baada ya hapo aliandika nini?"
Hakuna kitu, mama. Mstari mtupu.
Nasikia saa ya ukutani kwake ikihesabu.
Hakuna kati yetu anayekata simu.

Marten kaja na macho mekundu, kanunua mikate ya mdalasini ya toba.
"Tuufute tu mkwaju," anasema, "alama moja, tumemaliza."
Ana haki. Kila kitabu cha kazi hii kitamuunga mkono.
Nakula mkate wake wote, wa pili pia,
na mkwaju siufuti.

Juu ya mstari wa Ülo nimeongeza wangu:

# Mstari mtupu ulio chini ya huu wa Ülo una kazi. Usiusafishe.

Nikapeleka mshale mpaka mwisho kabisa, nikapapasa:
hapana mkwaju,
hapana hata nafasi iliyojificha nyuma ya nukta.
Yangu mimi nimeimaliza.